Mtoto Aliyeulizwa Mara Moja

Wifi yangu alirudi kwetu Gisenyi na sanduku la bati na mkeka wake wa kusalia, mume wake amekwisha kufa huko Usumbura. Hata wiki haikuisha, akawa ameanza kumfundisha binti yangu kula.

Niseme mapema kwamba mimi sikatai adabu ya kula. Mtaani kwetu, kwa Waswahili, wako wanaosema nataka watoto wale kama mbuzi. Waseme. Mimi mwenyewe nililelewa kwa wavuvi, huko chini ziwani, na kwa baba yangu mtoto aliyeongea na chakula mdomoni alitolewa nje akamalizie kula na kuku. Shule nilikaa miaka miwili tu kwa masista, kisha nikaolewa na fundi cherehani nikaingia katika dini yake. Kuandika kwangu ni huku mnakokuona. Lakini kukaa mbele ya chakula najua.

Binti alikuwa na miaka minne, mtoto wangu wa mwisho, tena nilimpata wakati watu wamekwisha kuacha kuniuliza kama nitazaa tena. Wifi alimkalisha kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, bakuli la maji pembeni. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage, mlango uko wazi, nasikia kila kitu.

"Mukono gani?"

"Ya kulia, shangazi."

"Na ya kushoto?"

"Ya chooni!" Akaangua kicheko.

"Usicheke. Mbele ya chakula choo haitajwi."

"Si we umeniuliza?"

Hata mimi nilicheka jikoni. Wifi akaendelea. Kula mbele yako, usivuke bakuli. Nyama usiiguse mpaka mkubwa akugawie. Mutu akiwa anakula usimutazame mudomo. Vidole usilambe mpaka wakubwa walambe vyao. Usiinuke kabla ya baba. Yote hayo nilikuwa naitikia kwa kichwa peke yangu na maharage yangu. Halafu nikamsikia anauliza:

"Bon. Sasa umeenda kwa watu, wanakula, wamekukaribisha. Unasema nini?"

"Sijui."

"Unasema: nimeshiba, mama, asante. Sema."

"Nimeshiba, mama, asante."

Niliacha maharage. Niliingia mule ndani na ungo mkononi. "Hiyo hapana," nikamwambia. "Ingine yote fundisha. Hiyo hapana."

Wifi hakuinua hata macho. "Mutoto wa kike huyu, mama fundi. Unataka waseme kwao hapapikwi?"

Majina sitaandika, kwa sababu mji wetu ni mdogo na watoto wao hawana kosa. Lakini hao watatu ninaowalaumu wenyewe watajijua. Wa kwanza ni huyu wifi. Wa pili ni jirani yangu, mke wa mwenye duka la chumvi, mlango wake unatazamana na wangu mpaka leo. Wa tatu ni mume wangu, na yeye nitamfikia.

Asiyekulia kwetu lazima nimweleze hilo neno linavyofanya kazi. Kwetu mtoto akikuta watu wanakula, hakubali mara ya kwanza. Ni aibu. Atasema nimeshiba, hata kama tumbo limegusa mgongo. Mwenye nyumba naye anajua kwamba huyo hajashiba, ni adabu tu inasema. Basi atamwambia tena: "Njoo, hata tonge moja." Mtoto anakataa tena, lakini sasa anatazama jicho la mama yake. Mama akishusha kope hivi, polepole, basi ruhusa imetoka, mtoto ananawa na kukaa. Mama akikaza jicho, mtoto anarudi nyuma. Mama asipokuwepo, mwenye nyumba anamshika mkono na kumkalisha kwa nguvu, anamwambia mama yako nitaongea naye. Ndivyo nilivyokula mimi utoto wangu wote kwenye nyumba za watu, na sijawahi kuitwa mlafi.

Kwa hiyo ni kazi ya watu wawili. Mtoto anakataa, mkubwa analazimisha. Ukiondoa huyo anayelazimisha, linabaki jambo gani? Linabaki mtoto mwenye njaa aliyefundishwa kusema uongo kwa sauti nzuri.

Nilikuwa na mtoto wa kiume kabla ya huyu binti. Ile njaa ya wakati wa vita vya wazungu ilimkuta na miaka sita. Walioiona hawahitaji kuelezwa. Viazi vilikauka majani kwa siku chache na kuoza udongoni. Kutoka Mudende mpaka huku kwetu ziwani harufu ilikuwa moja. Mvua ikakataa. Maharage yakaliwa mpaka ya mbegu. Wanaume walikuwa wanachukuliwa kwenye kazi za serikali kama kawaida, kana kwamba mtu anaweza kubeba mawe bila kula. Mume wangu alikuwa ng'ambo, Kongo, anashona kaptula za askari, habari zake tulizipata kwa kusikia.

Nikachukua vitambaa vyangu vizuri, nikavuka kwenda upande wa Masisi kubadilisha kwa unga wa muhogo. Mtoto nilimwacha na wifi. Alikuwa kijana bado wakati ule, anakaa kwetu akisubiri kupelekwa kwa mchumba wake, na yeye ndiye aliyekuwa amemfundisha mwanangu adabu ya kula tangu alipoanza kushika tonge. Alimfundisha vizuri sana. Watu walikuwa wanamtolea mfano.

Lililotokea nilisimuliwa na wifi mwenyewe, kwa mdomo wake, tena kwa kujivuna. Siku moja alichuma majani, akataka kuyachemsha, moto ukawa umezima. Akampa mtoto kigae, akamwambia nenda kwa jirani uombe kaa la moto. Mtoto akavuka njia. Wakati huo miguu yake ilikuwa imekwisha kuanza kuvimba. Kwa jirani walikuwa wanapakua. Mwenye duka la chumvi hakukosa kitu hata siku moja katika njaa ile. Chumvi kila mtu anaitaka, na anayeitaka analeta alicho nacho. Ulikuwepo ugali, na maharage. Jirani akamwona mtoto amesimama mlangoni na kigae chake.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimeshiba, mama, asante."

"Haya. Salimia shangazi yako."

Akamwekea kaa kwenye kigae, mtoto akarudi nalo nyumbani, bila kuliangusha.

Niliporudi na unga, wifi alinipokea kwa habari hiyo. "Mutoto wako iko na adabu, mama fundi! Wanakula mbele yake, na yeye, nimeshiba, asante. Hata macho hakutupa kwenye sufuria. Jirani mwenyewe amemusifu." Nilikoroga uji wa ule muhogo, nikamnywesha, tumbo likaurudisha. Nikakoroga mwepesi zaidi, likaurudisha. Hakukaa sana.

Na sasa sikilizeni hili, maana hili ndilo nimelibeba. Kwenye matanga wanawake walikaa pale kwangu wakamsifu mtoto. Kila mmoja na lake. Ati hakuwahi kutuaibisha. Ati ungemkuta anakula ungedhani ni mtoto wa mwalimu. Na jirani akavuka njia na beseni kichwani, ugali na maharage, chakula cha msiba. Akaliweka katikati, akazunguka kwa kila mtu, na kwangu akapiga magoti. "Kula, mama fundi. Hata tonge moja. Nakuomba. Hata tonge moja tu." Kumbe maneno yale alikuwa anayajua! Alikuwa nayo kinywani siku zote.

Basi ndiyo maana niliingia na ungo mkononi.

Tuligombana siku nyingi, mimi na wifi. Hakuwa mjinga, na sitamfanya mjinga kwa sababu kalamu iko kwangu. Aliniambia, "Njaa ile iliua wenye adabu na wasio na adabu. Watoto wa Cyanzarwe waliokuwa wananyang'anya vyakula sokoni, hawakufa? Walikufa na mikono mirefu." Akaniambia tena, "Sasa viazi vimejaa. Malori yanapita yamebeba viazi mpaka vinadondoka njiani. Wazungu wanakuja kuogelea hapa na kula samaki hotelini. Njaa gani unamwogopea?" Nikamwambia, "Hata wakati ule, nyumba ya ng'ambo ya njia njaa haikuwepo."

Mume wangu tulimweka katikati jioni moja. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na aliendelea kutia uzi. Nikamwuliza, huyu mtoto afundishwe au asifundishwe? Akasema, "Dada yangu anajua mambo haya." Nikasema, "Alijua na ya yule mwingine." Akavuta uzi, akafunga fundo, akasema, "Mambo ya jikoni malizeni wenyewe." Ndiye wa tatu, huyo. Alirudi kutoka Kongo akakuta kaburi, akauliza kilichotokea, akaambiwa ni njaa, akatosheka na neno hilo. Hajawahi kuuliza mtoto alikufa akitazamana na mlango wa nani.

Nikaamua kufundisha kwa siri. Binti akiwa mgongoni kwangu, tunakwenda ziwani kufua, namwambia:

"Ukiulizwa umekula, unasema nini?"

"Nimeshiba, mama, asante."

"Hapana. Unasema: nina njaa, nipe."

"Na kama sina njaa?"

"Utakula kidogo."

"Shangazi atanifinya."

"Mi nitakufinya zaidi."

Akalaza shavu mgongoni kwangu. Halafu akasema, "Donc nitafinywa tu." Neno hilo la Kifaransa, maana yake basi, alikuwa analisikia kwa wateja wa baba yake. Nilicheka, lakini nilipofika majini sikuwa nacheka tena. Nilimwona tayari anatafuta njia ya kutupendeza wote wawili, na mtoto hawezi kupata njia hiyo.

Basi ikafika siku ya jirani. Mkwe wake alikuwa amejifungua, na ingawa wao ni watu wa msikiti, hawakuacha ile desturi ya Kinyarwanda ya kumtoa mtoto nje. Mtoto mchanga anatolewa, watoto wadogo wa mtaa wanaitwa, wanalima kidogo mbele ya mlango kwa vijiti kama mchezo, kisha wanawekewa chakula wale pamoja, na wakimaliza kila mmoja anampa mchanga jina. Siku hiyo wageni wenyewe ni watoto. Mimi sikutaka kwenda. Tangu matanga sikuwa nimekanyaga ndani ya ua ule. Wifi akasema tusipompeleka binti watasema tunamroga mchanga. Tukaenda, yeye mbele, binti katikati, mimi nyuma.

Watoto walilima, wakachekana, wakanawa. Wakakalishwa kwenye majani ya mgomba. Jirani akatoka na sufuria na mwiko mkubwa. Amezeeka, amenenepa, anapumua kwa shida. Watoto wa pale wamezoea. Kila mmoja anapofikiwa anasema nimeshiba, na yeye anasema funga mdomo wewe, na kumpakulia, na wote wanacheka. Ndio mchezo wa siku hiyo. Akafika kwa wangu.

Akasimama. Nadhani alikuwa hajawahi kumtazama karibu. Binti amefanana na kaka yake, hasa hapa kwenye paji.

"We, kamwana," akamwambia, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Umekula?"

Binti akamtazama shangazi yake. Akanitazama mimi. Nikamkazia jicho aseme nililomfundisha. Wifi naye alikuwa amemkazia lake. Mikono ya binti ilikuwa bado inadondoka maji ya kunawa, ameinyoosha mbele ili asiguse nguo.

"Nimeshiba, mama, asante," akasema.

Jirani hakusema funga mdomo. Hakucheka. Alisimama na mwiko juu, halafu akaanza kugeukia mtoto aliyefuata.

"Muulize tena," nikasema.

Wanawake wakageuka. Wifi akanong'ona, "Yewe, mama fundi, usituaibishe."

"Muulize tena. Yule mwingine ulimuuliza mara moja."

Hapakuwa na mtu pale asiyejua namsema nani. Mtu mmoja alianza kusema, "Mambo ya zamani hayo, siku ya mtoto mchanga, jamani," na jirani akamnyamazisha kwa mkono. Akaweka sufuria chini. Ilimchukua muda kuinama.

"Nilimuuliza mara moja," akasema. "Kwa sababu nilijua atasema vile. Wote tulijua mutoto yako anavyosema. Sufuria ilikuwa moja, mama fundi, na wangu walikuwa wamekaa wananitazama mukono. Nikasema moyoni, nitamuuliza, atakataa, na Mungu atakuwa amesikia kwamba nimeuliza."

Mimi miaka yote nilidhani alisahau kulazimisha, kwamba njaa ilimfanya awe mzito wa akili kama ilivyotufanya wote. Hakusahau. Aliitegemea adabu ya mwanangu. Adabu ile aliyofundishwa na shangazi yake ili watu wamsifu ndiyo ikamwokolea jirani tonge moja.

Nilimtazama wifi. Nilitaka aone. Alikuwa amekaa mdomo wazi, ushungi umemwangukia mabegani wala hajui. Yeye ndiye aliyempa mtoto kigae.

Jirani akamrudia binti, amepiga magoti kwenye udongo. "Kula, mwanangu. Hata tonge moja."

"Nimeshiba," akasema binti, kwa sauti ndogo sana. Alikuwa anaogopa, wakubwa wote wamenyamaza kwa ajili yake.

"Hata tonge moja. Nakuomba."

Binti hakunitazama mimi. Alimtazama shangazi yake, mwalimu wake. Na wifi akashusha kope, polepole. Zikabaki chini, na machozi yakapita chini yake. Mtoto akanyoosha mkono wa kulia, akala, mbele yake tu, bila kuvuka jani. Alikula sana. Asubuhi ile hakuwa amekula kitu, alikuwa ananisubiri nimalize kubishana na shangazi yake.

Sikumsamehe jirani siku ile na sijamsamehe. Watu hupenda kuambiwa kwamba tulikumbatiana. Tulirudi nyumbani. Njiani wifi alisema neno moja tu: "Mimi nilimpa adabu, sikumpa njaa." Nikamjibu, "Ulimpa kigae." Hatukusema tena mpaka Ijumaa. Lakini tangu hapo hilo neno halijafundishwa tena nyumbani kwangu. Mkono wa kulia bado upo, kunawa kupo, nyama ya kusubiri ipo. Akienda kwa watu na wakamkaribisha, anasema asante na kukaa. Wako wanaomwita mlafi. Mumewe atakayempata, kama ni mtu wa kuhesabu matonge ya mke, basi amwache mapema.

Na mimi nimejiwekea sheria yangu, ambayo naona ni bora kuliko zote walizonifundisha: mtoto simuulizi kama ana njaa. Kumuuliza mtoto ni kumtwisha mzigo wa mkubwa.

Yule mchanga wa siku ile sasa anakimbia. Wanamtuma kwangu kuomba moto, maana mkwe wa jirani ni mvivu wa kuwasha. Anakuja na kigae chake, anasimama mlangoni hapo hapo, na kabla sijafungua mdomo anasema, "Shikamoo, mama fundi, nimeshiba, naomba moto." Wamekwisha kumfundisha. Juzi alikuja nikiwa naepua viazi. Nilimtia kimoja mkononi, kikubwa, kinatoka moshi.

"Nimeshiba," akasema, anakirusha mkono huu na huu kwa sababu ya joto.

"Moto hautoki hapa mpaka kiazi kiishe."

Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, anatazama. "Unamuharibia mutu mutoto," akaniambia.

"Ndiyo," nikasema. "Namuharibu."

Ng'ambo ya njia bibi yake mtoto, yule jirani, alikuwa kwenye kizingiti, anasubiri kaa lake la moto. Alituona vizuri. Nikamwacha asubiri. Mtoto alikaa chini akala kiazi chote, na maganda yake, na nilipoona anatazama sufuria nikampa kingine.